Sura ya Nne na Sura ya Saba

Kitabu changu kina sura kumi, kila sura mwanamuziki mmoja, na kwa miaka miwili nilitembea Malaba yote kifua mbele nikiamini nimeandika maisha ya watu kumi. Kumbe walikuwa tisa. Sura ya nne na sura ya saba ni mtu mmoja, na mimi mwalimu mstaafu, ambaye redio za mtaani hupenda kuniita mtaalamu wa muziki wa mpakani, sikumtambua. Jina lake silitaji, wala la yeyote aliyeguswa na jambo hili, maana niliahidi. Lakini kosa ni langu, na la kwangu nina haki ya kulisimulia.

Mama yangu alikuwa na hoteli Malaba, pale malori yanapopanga foleni kuvuka kwenda Uganda. Nikisema hoteli usifikirie vitanda. Ilikuwa mabati, mabenchi mawili, sufuria ya chai, sufuria ya maharagwe, na gramafoni. Gramafoni ilikuwa ya dereva mmoja aliyesema tumwekee mpaka arudi, na mpaka leo hajarudi. Madereva walikuwa wakisubiri siku mbili tatu karatasi zao zigongwe mihuri, na mtu anayesubiri hunywa chai mahali penye muziki, kwa hiyo walituletea santuri kutoka Kampala, Kisumu na Nairobi. Kazi yangu ilikuwa kuzipangusa kwa kitambaa chenye unyevu na kubadilisha sindano. Nilijua kusoma vibandiko vya santuri kabla sijajua kusoma kitabu cha shule.

Wacha bwana, raha ile siwezi kuisimulia nikaimaliza! Saa kumi jioni vumbi limetulia, dereva mzima na tumbo lake anainuka na kikombe mkononi anacheza peke yake, chai haimwagiki. Kina mama waliouza ndizi walikuwa wakitua beseni chini wangoje wimbo uishe ndipo waendelee na safari. Siku hizi vijana wananiambia nyimbo zile hazina ngoma. Nawaambia ngoma ilikuwa chupa. Chupa ya soda yenye matuta, ikikwaruzwa kwa msumari, chwa-chwa, chwa-chwa, na juu yake gitaa moja linaongea. Hakuna kilichokosekana. Nikizisikia leo nalia, na sioni aibu kusema hivyo.

Katika hoteli hiyo palikuwa na ubishi mmoja usioisha, nani zaidi, yule wa kwetu au yule wa ng'ambo. Yule wa kwetu ilisemekana ametoka pande za Nangina, aliimba Kisamia na Kiswahili, taratibu, kila neno linasikika. Yule wa ng'ambo alirekodi Uganda, aliimba Kisamia kilichochanganyika na Kiganda, vidole mbio. Wote wawili tuliwajua kwa masikio tu, maana santuri zile ziliuzwa ndani ya karatasi tupu, hazikuwa na picha. Mama alikuwa wa ng'ambo, mimi wa kwetu, na tulirushiana maneno juu ya karai la vyombo. "Huyo wako," mama alikuwa akinitania, "anapiga gitaa kama mtu aliyeshiba ugali." Nami nilikuwa najibu kwamba wake anakimbia mbio vile kana kwamba ameiba kuku.

Kisha ikaja miaka ile wanajeshi waliposumbua watu Uganda. Tuliona familia zikivuka na magodoro kichwani. Yule wa ng'ambo akanyamaza, na santuri mpya zake hazikuletwa tena. Habari iliyofika hotelini ni kwamba alikamatwa njiani kwa sababu ya wimbo, na hakuonekana tena. Mama aliufunga mlango wa hoteli siku hiyo mchana kweupe, jambo ambalo hata kwa homa hakuwa akilifanya.

Nilipokuwa mkubwa nikawa mwalimu wa shule ya msingi Angurai, na mshahara wa kwanza nikanunua kinasa sauti cha kaseti. Kila Jumamosi nilikuwa nikipanda baiskeli kutafuta wazee waliowahi kupiga gitaa, nikawauliza walizaliwa wapi, nani aliwafundisha, nani alikwaruza chupa. Mwalimu mkuu aliniambia mbele ya wenzangu kwamba mwanamke wa heshima hafuati walevi. Nikamwambia hao walevi ndio waliocheza harusini kwake. Hakunisemesha muhula mzima, nami nikapumzika. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, alinung'unika miaka miwili, wa tatu akaanza kunibebea betri.

Nilikuwa na utaratibu wangu, na niliuringia. Kila wimbo niliusikiliza mara tatu, mara ya kwanza maneno, mara ya pili gitaa, mara ya tatu vile vitu vya nyuma, jogoo, kikohozi, kiti kinacholia. Na nilikuwa na madaftari mawili, la bluu la upande wa Kenya, jekundu la upande wa Uganda. Yule wa kwetu akaingia la bluu, yule wa ng'ambo jekundu. Miaka ishirini na zaidi madaftari hayo yalikaa rafu moja na sikuwahi kuyafungua pamoja.

Kitabu kilipotoka nilikuwa nimeshastaafu na kurudi Malaba. Mwaka wa pili, Jumanne moja asubuhi, simu ikalia, namba ya Uganda. Sauti ya mwanaume mtu mzima, mpole.

"Mwalimu, mimi ni mtoto wa sura ya saba."

Alisema mtu fulani alipiga picha kurasa za kitabu changu na kuzituma kwenye simu, zikawafikia kijijini kwao, njia ya kuelekea Majanji. Walizisoma kwa sauti nyumba nzima. Baba yao alipotea yeye akiwa na miaka mitano, dada zake wakiwa wadogo zaidi, na kaburi hawana. Sasa mama yao amezeeka na ukoo umeamua. Jumamosi hiyo wangemzika kwa mgomba.

Hapa kwetu, pande zote mbili za mpaka, hilo ni jambo la kawaida. Mtu akipotea na mwili usipatikane, hukatwa shina la mgomba, likavikwa sanda, likalazwa kwenye jeneza na kuzikwa kwa sala na machozi yote ya msiba. Bila hivyo mke anabaki mke wa mtu anayengojwa, hata awe na mvi. Ukishazikwa mgomba, anakuwa mjane na anaweza kupumzika.

"Tunaomba uje utusomee historia ya marehemu," akasema. "Sisi hatuijui. Wewe ndiye unayeijua."

Nani angekataa? Nilikubali hata kabla hajamaliza. Kichwa kilinivimba siku nzima, nikapiga pasi gauni langu la kitenge mara mbili.

Kesho yake, Jumatano, akaja mzee wa chupa. Huyu ni mzee wa Kiteso kutoka Angurai aliyemkwaruzia chupa yule wa kwetu maisha yake yote, na ndiye aliyenipa mengi ya sura ya nne. Nilichelewa kumpelekea nakala ya kitabu na asante, tena macho yake yamekwisha, ikabidi angoje mjukuu wake afunge shule amsomee. Alishuka kwenye pikipiki akicheka. Akacheka mlangoni, akacheka kitini, akakohoa, akaomba maji, akacheka tena.

"Mwalimu," akasema, "hata Yesu alikufa mara moja. Wewe rafiki yangu umemuua mara mbili."

"Mzee, una nini?"

"Huyo wa nne na huyo wa saba. Ni mtu mmoja."

Nilimwambia asinitanie. Akasema hatanii, na akaniomba nimsomee tena pale nilipoandika kwamba wale wawili walikuwa mahasimu wakubwa kiasi kwamba hawakuwahi kupanda jukwaa moja. Nikasoma. Mzee akajipiga paja. "Wangepandaje! Ungetaka ajikate katikati?"

"Kwa nini hukuniambia? Nilikaa kwako siku mbili nzima!"

"Uliniuliza habari ya huyu. Habari ya yule hukuniuliza hata siku moja."

Basi akanieleza. Mwenye duka la santuri wa huku hakumtaka mtu anayewaimbia wa kule, na wa kule vilevile. Jamaa naye alikuwa na nyumba kule na mjomba huku, kitambulisho kule na kitambulisho huku, akawa watu wawili. Huku akipiga taratibu, kule akipiga mbio, ili wenye maduka wasishtuke. "Kwani wewe mwenyewe mtoto wa Malaba," mzee akaniuliza, "una majina mangapi?"

Darasa la tatu nilisoma muhula mzima Tororo kwa shangazi, kwa jina la binamu yangu, na niliitika bila kukosea. Mtu wa Nairobi angefanya kosa langu ningemsamehe. Mimi niliyezaliwa hapa, nikala huku nikaoga kule, nilichukua mpaka nikauweka kwenye madaftari yangu!

"Na wanajeshi je?"

"Hao ni kweli. Walimtafuta. Alivuka mto kwa miguu, hana gitaa, hana viatu. Tangu siku hiyo akabaki yule wa huku tu."

"Na mke wake na watoto?"

Mzee akaacha kucheka. Akasema kulipotulia alimwuliza mara mbili kama ameenda kuwaona, na mara zote mbili alijibu kwamba atakwenda. Wakati huo alikuwa ameoa tena huku kwetu, Mundika, na ana watoto. Akazeeka akisema atakwenda, akapooza upande mmoja, akafa. Nilihudhuria hata maombi ya kumbukumbu yake, nikaandika idadi ya nyimbo zilizopigwa.

Mzee alipoondoka nilikaa sebuleni na aibu yangu. Kisha nikakasirika, sijui nilimkasirikia nani. Kisha nikakumbuka Jumamosi. Walikuwa wanakwenda kuuzika mgomba, na mwenyewe amelala Mundika chini ya saruji na msalaba, mwendo usiofika saa mbili kwa pikipiki. Nami ndiye ningesimama na kipaza sauti niseme hana kaburi.

Alhamisi nikaenda Mundika kwa mjane wake. Tulikuwa tunajuana vizuri tangu nilipoandika sura ya nne. Nilimkuta anaanika mtama, akanikaribisha, akanipa uji, nikauweka chini. Nikamwambia yote, sikuzunguka. Aliendelea kutandaza mtama kwa mkono mpaka nikamaliza.

"Nilijua alitoka upande ule," akasema. "Sikujua ameacha nini, na sikuuliza. Nilimpata amekonda, anashtuka mlango ukifunguliwa. Mtu wa hivyo unamlisha kwanza. Baadaye ukitaka kuuliza unaona umechelewa."

"Mama, Jumamosi wanazika mgomba."

"Nimesikia." Akaniangalia sasa. "Mwalimu, mimi nina watoto wanne na shamba ni hili unaloliona. Ukisema, hao wa kule watakuja na kamba kupima. Ni haki yao, sikatai. Lakini wangu watakwenda wapi? Tafadhali usiniletee watu wa kupima shamba."

Nilimwambia nimemsikia. Kuahidi sikuahidi. Akanisindikiza mpaka barabarani amenishika mkono.

Ijumaa nilifungia mlango nikatoa santuri zote mbili, nikaziweka moja baada ya nyingine. Haki ya Mungu, ni kidole gumba kilekile. Kinatangulia kidogo tu mbele ya chupa, upande wa taratibu na upande wa mbio. Mtoto wa shule angesikia. Nilichukua yale madaftari mawili nikayatupa ukutani, nikajiita mjinga mara nyingi kuliko nilivyowahi kumwita mwanafunzi yeyote.

Jumamosi nikavukia Busia mapema. Kule nyumbani kwao nilikuta mahema, viti vya plastiki, kwaya, na watu wengi kuliko nilivyotarajia. Jeneza lilikuwa wazi, mgomba umevikwa shuka nyeupe, umefungwa kamba mahali pa kiuno. Mwanawe, yule wa kwenye simu, akanipokea kwa mikono miwili. Ana uso wa baba yake, uleule wa picha ya ukutani kule Mundika. Nilimwambia kwamba kabla ya kusoma naomba kumwamkia mama, peke yangu.

Mama alikuwa amekaa mkekani chumbani, mdogo wa mwili, miguu ameinyoosha, kitambaa cheusi kichwani. Nikapiga magoti nikamwamkia. Nikasema, "Mama, kuna jambo lazima nikwambie kabla sijasoma."

"Amelala wapi?" akauliza.

Sikuwa nimesema lolote.

"Mundika, mama. Kenya. Karibu sana."

Akatikisa kichwa polepole, mara nyingi. "Sikujua mahali. Lakini nilijua ni upande wenu."

Akanisimulia kwa Kiswahili cha kwao, kilichochanganyika na Kiganda, sauti ya chini ili watoto wasisikie. Zamani mumewe akitoka safari alikuwa akifika kwenye njia ya ndizi anaugonga uzi mwembamba wa gitaa mara nne, mbili upesi, mbili polepole. Yeye akisikia anaweka maji motoni, bwana aoge. Kisha mumewe akapotea. Ikapita miaka. Siku moja anamenya muhogo, redio ya jirani imefunguliwa stesheni ya Kenya, anaimba mtu mwingine, jina lingine, mwendo wa taratibu. Wimbo ukaisha kabisa. Halafu uzi mwembamba ukagongwa, mbili upesi, mbili polepole.

"Nikaweka maji motoni," akasema. "Nyabo mwalimu, siku ile niliweka maji kweli. Yakachemka, yakapoa."

Nilijua vizuri alichokuwa akikisema. Kila santuri ya yule wa kwetu inaishia hivyo. Niliisikia mamia ya mara, na kitabuni niliipita kwa mstari mmoja, nikasema ni mazoea ya vidole tu. Mama huyu hakuwahi kuwa na santuri wala daftari, na alimtambua mtu wake kwa kugongwa uzi mara nne kwenye redio ya jirani. Nilianza kulia, na yeye ndiye aliyenipa leso.

"Kwa nini basi mgomba, mama? Kwa nini hukusema?"

"Niseme kwa nani? Wanangu wamekua wakijua baba yao alichukuliwa na wanajeshi. Wamesoma na neno hilo, wameoa na neno hilo. Nikiwaambia alikuwa pale, anakula, analala, na hakurudi, watamchukia. Mimi sitaki achukiwe." Akanivuta mkono. "Soma vile uliandika. Usibadilishe hata moja. Nikishakwenda nami, sema ukitaka, lakini jina usitaje." Nikamwahidi, na sasa naye ameshakwenda.

Nikatoka nje. Wakanipa kipaza sauti. Mimi ambaye niligombana na watu kwa sababu ya namba moja ya santuri, mimi niliyewachapa watoto kwa kusema uongo, nilisimama mbele ya umati ule nikasoma sura ya saba yote. Nikasoma kwamba alikamatwa njiani. Nikasoma kwamba hakuna ajuaye alipolala. Sauti haikunitetemeka, nashangaa mpaka leo. Mwanawe alilia kwa sauti bila aibu, na dada zake wakamshika. Wakaushusha mgomba, wakatupa udongo, na mama yao akakalishwa kitini, akawa mjane. Kwenye chakula mwanawe akaja kunishukuru, akasema sasa anaweza kuwaeleza wanawe babu yao alikuwa nani. Niliitikia na mfupa wa kuku mkononi.

Jumatatu nikarudi Mundika kumtoa yule mjane wasiwasi. Nilimkuta kwenye veranda, inaonekana hakuwa amelala vizuri. Nikamwambia mambo yamekwisha, mgomba umezikwa, hakuna aliyesema neno, hakuna atakayekuja kupima shamba. Nilidhani atashukuru. Akaniuliza huyo mama yukoje. Nikasema ni mzee, mpole, amechoka. Akauliza kama alilia. Nikasema hakulia.

"Nimewaza siku nne hizi," akasema. "Nimejiuliza kama huyu mtu alikuwa wangu kweli, ama nilimtunzia mwenzangu." Akajivuta karibu nami. "Lakini kuna kitu kimoja najua. Kwenye kila wimbo, ukishaisha, alikuwa ananigongea. Mara nne. Na akitoka safari, akifika pale kwenye miti ya ua, anagonga hivyohivyo, najua ni yeye, naweka maji motoni." Akatabasamu, na kwa sekunde moja nilimwona msichana aliyekuwa. "Mwalimu, niambie ukweli. Huyo wa kule, naye alikuwa akimgongea?"

Woi, mwanaume yule! Angekuwa hai ningemtandika kwa gitaa lake mwenyewe. Zile nne za redioni alimgongea nani? Huyu, ama yule, ama wote wawili? Mimi ndiye mwandishi wa maisha yake, na sijui.

"Hilo mwenzako hakunitajia, mama," nikasema.

"Hakutaja?"

"Hakutaja."

Akavuta pumzi ndefu, akajifuta macho kwa upindo wa leso, akainuka. Alisimama akitazama shamba, mahindi yalikuwa yamefika magotini, na kaburi jeupe kule mwisho.

"Basi alikuwa wangu," akasema. "Kama alikuwa wangu nitaogopa nini? Shamba ni udongo tu, tutagawana. Mwambie huyo mama awalete watoto wake waone kaburi la baba yao."

Akaingia ndani kunipikia chai. Nikamsikia akivunja kuni na kuimba kidogo, na mimi nimekaa pale verandani na kitabu changu mkobani. Alipotoka na kikombe alikuwa anangoja nimwambie watakuja lini. Nilipokea chai, nikainywa yote ikiwa moto.